Mlango wa Kijani Ghorofa ya Tatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Kimya alimpa mama yake mtihani.

"Mlango ukigongwa?"

"Nanyamaza."

"Wakiita kwa sauti nzuri?"

"Nanyamaza zaidi."

"Na simu?"

"Naizima, isije ikalia wakajua kuna mtu."

"Halafu?"

"Halafu nasimama nyuma ya kabati kama fagio," mama alijibu huku akipuliza chai yake. "Mwanangu, mtihani huu nimeshafaulu siku nyingi. Nipe basi hata cheti."

Kimya hakucheka. Alivaa koti, akatoka, akasimama kwenye korido akitega sikio. Komeo la ndani lilipolia kla, ndipo aliposhuka ngazi. Hata hivyo, alipofika chini alirudi tena juu nusu ya safari, akasikiliza, akashuka. Mwanamke huyu angeweza kupoteza asubuhi nzima kwa kuhakikisha kitu alichokwisha kukihakikisha.

Kimya halikuwa jina lake. Alipewa kazini, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali. Siku ya kwanza aliulizwa anaitwa nani, akajibu kwa sauti ndogo sana, mashine zikalimeza jina, na hakuna aliyeuliza tena. Mwenzake wa zamu, mama mnene aliyeongea kuanzia kofia inapovaliwa mpaka inapovuliwa, alikuwa akiitwa Redio. Kwa hiyo ilionekana haki kabisa kwamba anayesimama pembeni yake aitwe Kimya. Yeye mwenyewe jina lile lilimfaa. Mtu asiyejulikana jina hawezi kuitwa nje ya mlango wake.

Na hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Huko walikotoka, kaka yake alifungua mlango. Waliogonga walikuwa na adabu zao: walisalimia, wakaomba radhi kwa usumbufu, wakasema wanamhitaji mara moja tu. Kiatu chake kimoja kilibaki kibarazani. Cha pili hakikuonekana, na mwenyewe hakuonekana.

Tangu hapo Kimya na mama yake hawakugongeana mlango. Aliyetoka nje akirudi, aliukwaruza kwa kucha chini kabisa, karibu na bawaba, kama paka aliyefungiwa nje, kisha akakohoa. Aliye ndani akisikia mkwaruzo na kikohozi, anaondoa komeo. Walivuka mpaka na ishara ile, wakalala nayo katika vyumba vya watu, wakaja nayo mpaka kwenye jengo hili lenye duka la fundi viatu chini, na mlango wao wa kijani ghorofa ya tatu. Dunia nzima walioijua ishara hiyo ni wawili.

Walipohamia, alikuja mwanamke mmoja mwenye miwani mikubwa kama madirisha ya basi. Wote pale mtaani walimwita Miwani. Alimkuta Kimya kwenye ngazi na mfuko wa vitunguu.

"Karibu mtaani, dada. Mimi natoka hapo Kituoni, ng'ambo ya barabara," alisema akihema, mkono kwenye kiuno. "Kila familia inayohamia tunaipatia familia mwenzake. Mtu wa kukuonyesha zahanati ilipo, basi lipi linakwenda wapi. Wa kumwita ukikwama."

"Hatujakwama."

"Alhamdulillahi. Basi hata wa kupiga naye soga. Unaishi na nani?"

Kimya alishika mfuko wake kwa mikono miwili. Unaishi na nani. Ndivyo walivyoanza hata wale waliomchukua kaka.

"Na wewe unapata nini?" aliuliza.

"Mimi?" Miwani alicheka mpaka miwani ikateleza. "Napata kupanda ngazi! Magoti yananilaani, daktari ananisifu."

Kimya alisubiri mpaka Miwani aliposhuka na kupotelea barabarani, ndipo akapanda, ili mgeni huyo asione mlango wao ni upi. Usiku ule mtihani wa mama uliongezewa swali: je, akija mwanamke mwenye miwani? Jibu lilikuwa lile lile.

Sasa, mambo madogo madogo yalianza kumtia Kimya wasiwasi. Siku moja alirudi akakuta vikombe viwili vimeoshwa, bado vinadondosha maji.

"Mama, vikombe viwili?"

"Cha kwanza kilikuwa na chai ya moto, cha pili nilipoozea."

Siku nyingine, ndala za mama zilikuwa na tope, na mvua ilikuwa imenyesha nje, si sebuleni. Mara mama akapiga chafya na kusema "samahani jamani" kwa lugha ya huku, lugha ambayo hakuwa anajua hata kuombea maji. Kisha vifungo. Kimya alikuta vifungo vyote vya koti lake vimeshonwa upya, imara, kwa uzi wa buluu. Katika nyumba ile hapakuwa na uzi wa buluu.

"Uzi umetoka wapi?"

"Uzi ulikuwepo."

"Wapi?"

"Ulipokuwepo, mwanangu. Mbona unaniuliza kama askari?"

Kimya alilala macho wazi. Mawazo mawili yalimzunguka, na kila moja lilikuwa baya kuliko jingine. Labda mama ameanza kupotewa na akili: anatoka nje, anazurura, anarudi, hakumbuki. Au kuna mtu anaingia. Mtu mpole, mwenye adabu zake. Asubuhi iliyofuata alinyunyiza poda kidogo sakafuni mbele ya mlango, nyembamba kama ukungu, ili aone nyayo. Alirudi jioni akipanda ngazi kwa kuruka. Sakafu iling'aa.

"Mama, umefagia?"

"Nyumba isifagiwe?"

Kimya akakaa kitini na koti lake mwilini, akavishika vile vifungo vya buluu kimoja kimoja.

Ikaja siku yenyewe. Ilikuwa katikati ya asubuhi, na mashine kubwa ya kupigia pasi ilikuwa inameza mashuka. Mashine hiyo ina mabomba manene yenye moto yanayozunguka, na mbele yake mkanda unaotembea. Wanasimama watu wawili, kila mmoja anashika pembe, wanalivuta shuka likanyooka, wanalilisha. Mmoja akiachia, shuka linaingia upande, linajikunja, linaungua. Ndiyo maana sheria ya kwanza ukutani ilisema kwamba hakuna kuondoka kwenye pembe yako mpaka upate wa kukupokea. Simu zote zilikaa kwenye makabati ya kubadilishia nguo.

Redio alikuwa anasimulia harusi ya mpwa wake. "Bwana harusi akaja amevaa suruali ya kaka yake, imembana hivi, akiinama wote tunashika roho..."

Dereva wa gari la mashuka aliingia akifuta jasho. "Leo mtanisamehe. Nimezungushwa mji mzima. Ile barabara ya fundi viatu wameifunga, zimamoto wamejaa. Gesi inavuja kwenye jengo. Wanasema ikipata cheche tu, basi."

"Jengo lipi?" Redio aliuliza.

"Lile lenye kiatu kikubwa cha bati juu ya mlango."

Lilikuwa jengo lao. Kimya alijua, neno kwa neno, kinachotokea pale nyumbani. Watu wenye kofia ngumu wanapanda ngazi. Wanagonga mlango wa kijani. Wanaita, tokeni, tokeni nje! Na mama yake, mwanafunzi hodari, amezima simu. Amesimama nyuma ya kabati kama fagio. Ananyamaza. Wakipiga kelele zaidi, ananyamaza zaidi.

Aliangalia pembe ya shuka mkononi mwake. Hapakuwa na wa kumpokea. Akanyoosha mkono, akapiga kitufe chekundu.

Kiwanda chote kilizima. Ukimya ulikuwa mkubwa mpaka msimamizi akatoka ofisini mwake na mkate mdomoni.

"Nani amegusa hicho kitufe?"

"Mama yangu yumo ndani," Kimya alisema. Wengi pale walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake.

"Ndani ya nini? Unajua ukizima hiyo mashine inachukua muda gani kupata moto tena?"

"Nenda," Redio alimsukuma. "Nenda wewe, unangoja nini? Bosi, tafuna mkate wako kwanza, utapaliwa."

Kwenye kabati alivuta koti, akakosea kufungua simu, akarudia. Akapiga. Sauti ya mashine ikamjibu kwamba namba anayopiga haipatikani. Akapiga tena akikimbia, haipatikani, haipatikani, na kila mara alijiona mwenyewe asubuhi ile akiuliza: na simu?

Alikimbia na koti juu ya aproni ya kazi. Alipita kinyozi, akapita duka la mikate, akavuka barabara bila kutazama, gari likapiga breki na dereva akamwuliza kama amechoka kuishi. Hakuona moshi. Hilo lilimtisha zaidi. Moto angalau unauona ulipofika. Gesi haionekani, iko au haiko, na nyumba inasimama pale na madirisha yake kama kawaida, mpaka haisimami.

Kamba nyekundu ilikuwa imevutwa kukata barabara. Watu wa jengo walijazana ng'ambo, wengine na ndala, mmoja na povu la sabuni kichwani. Kimya aliwapekua kwa macho, uso kwa uso. Mama hakuwepo. Akainama kupita chini ya kamba, na mkono wa zimamoto kijana ukamdaka.

"Mama, huko hakuendwi."

"Ghorofa ya tatu. Mlango wa kijani. Kuna mtu."

"Ghorofa ya tatu tumegonga milango yote. Huo wa kijani tumegonga mpaka ngumi zinauma. Hakuna mtu."

"Yumo! Hajibu kwa sababu nimemfundisha asijibu!" Kimya alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyemfundisha! Niachie, mlango ule haugongwi. Unakwaruzwa. Chini, karibu na bawaba. Ukwaruze halafu ukohoe, atafungua, nakuomba, nenda ukakwaruze!"

Kijana yule alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa wa homa. Lakini mkono wake ulilegea kidogo, akageuka kumwita mwenzake. "Wewe, kuna habari za kukwaruza tena huku!"

Tena? Neno hilo Kimya alilisikia lakini halikumwingia. Aliyemshika bega sasa alikuwa fundi viatu, na nyundo yake ndogo bado iko mkononi.

"Dada, unamtafuta nani? Si Bibi Vifungo?"

"Simjui Bibi Vifungo! Namtafuta mama yangu!"

"Mfupi, ana mwanya, anakohoa kama anakusema?"

Kimya aliitikia kwa kichwa.

"Basi ndiye. Ametoka kitambo. Zimamoto waligonga wakakata tamaa, mimi nikakimbia Kituoni nikamwambia Miwani, Bibi bado yuko juu. Miwani akapanda nao, na magoti yake yale. Mimi nilikuwa chini, lakini wanasema alipiga magoti mlangoni akakwaruza kama panya." Alionyesha ng'ambo kwa nyundo. "Wako pale."

Kimya hakuamini. Alivuka barabara akiwa bado haamini, akasukuma mlango wa Kituo ambao kila siku aliupita akiangalia upande mwingine.

Ulikuwa ukumbi wa kawaida tu, viti vya plastiki, birika kubwa linafoka, watoto wanapigania kalamu ya rangi, na kwenye kona meza ndefu yenye cherehani na makopo ya vifungo. Pale mezani alikaa mama yake. Alikuwa amefunikwa blanketi la mtu, amevaa miwani ya mtu, na mapajani ana koti zito la zimamoto. Mwenye koti alisimama mbele yake na fulana, mpole kama mtoto wa shule.

"Mtu mzima, kifungo kimoja!" mama alikuwa anamgombeza kwa lugha ya huku, maneno yamekaa ovyo ovyo lakini yamefika. "Moto anakuja, wewe koti wazi. Aibu!"

Uzi ulikuwa wa buluu.

Kimya alisimama katikati ya ukumbi, akajikuta analia, kisha akajikuta amekasirika, na hasira ndiyo iliyowahi kutoka.

"Mama, ulimpa ishara yetu?"

Mama alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu. "Nilimpa."

"Nilikukataza!"

"Ulinikataza kufungua nikigongewa. Huyu hakuwahi kugonga. Muulize."

Miwani, aliyekuwa ameweka mguu juu ya kiti na barafu gotini, aliinua mikono. "Dada, mimi niligonga mara moja tu mwezi ule wa kwanza, nikajibiwa na kimya. Nikaacha. Nilikuwa napita tu kwenda kwa jirani yenu wa juu. Siku moja mlango ukafunguka wenyewe, nikavutwa mkono nikakalishwa kitini na kupewa maji."

"Nilikuwa namsikia anavyohema," mama alisema. "Kila siku, hii, haa, hii, haa. Nikamhurumia. Na wale wabaya hawahemi, mwanangu. Wale wa kwetu walikuja taratibu, pumzi zao zote wanazo."

Kimya akakaa. Kilikuwa kiti cha karibu zaidi na mlango, mgongo kwa ukuta. Hata sasa alichagua hivyo bila kufikiri.

"Ungeniambia."

"Nikuambie, uhame tena?" Mama aliinamia koti, akatafuta kifungo kingine kilicholegea. "Ukiondoka nilikuwa naongea na kabati. Nikaliambia habari zote, zikaisha. Hapa wananiuliza. Nikikosea maneno wananicheka, na mimi nawacheka wanavyoshika sindano. Halafu jioni nawahi kurudi, nafagia ile poda yako, nakuwa fagio."

Watu waliokuwa karibu walicheka, kisha wakaona uso wa Kimya wakaacha.

"Kaka alifungua mlango," Kimya alisema kwa lugha ya nyumbani, ili wawili tu wasikie.

Mikono ya mama ilisimama. "Najua. Kile kiatu nilikiokota mimi." Akaichomeka sindano kwenye koti. "Na leo wale vijana waligonga, nikanyamaza. Harufu naisikia, kichwa kinazunguka, nikasema, mwanangu kasema nyuma ya kabati. Ningekufa nikikutii, unajua? Nilikuwa naomba tu atokee mtu akwaruze."

Kimya aliinuka. Alivuta kiti chake, kikalia kwenye sakafu, akasogea kutoka ukutani mpaka mezani.

Simu ililia mfukoni mwa aproni, akaruka kama ameungua. Alikuwa Redio, anaongea kabla ya kusalimiwa. "Mama mzima? Mzima? Haya, Mungu mkubwa. Sasa sikiliza, bosi amevimba kama andazi. Anasema kesho usivae kofia kabla hujapita ofisini kwake. Nimemwambia mimi ndiye niliyekufukuza, lakini hanisikilizi, ananijua. Jiandae!"

Sauti ya Redio ilisikika meza nzima. Kazi ikienda, nyumba inakwenda. Kimya alianza upya kuhesabu mabaya yote yanayoweza kutokea, moja linavuta jingine, na vidole vyake vikarudi kwenye vifungo vya buluu.

"Kuna mzee mmoja hapa Kituoni anajua sana sheria za kazi," Miwani alisema polepole, kama mtu anayemkaribia ndege. "Na mimi mwenyewe naweza kukusindikiza. Sitasema neno kama hutaki. Nitakaa tu pembeni, nikihema."

Kimya alimtazama. Swali lilifika mpaka ulimini, na wewe unapata nini, likasimama hapo. Aliliona lile goti lililovimba na barafu yake inavyoyeyuka.

"Ofisi yake iko juu," alisema mwishowe. "Kuna ngazi."

"Mungu wangu," Miwani alisema. "Saa ngapi?"

Asubuhi walikwenda wote, na yule mzee wa sheria. Msimamizi alikuwa amejiandaa kumkaripia mtu mmoja kimya, akakuta watatu, na mmoja anahema vibaya mpaka ikabidi ampe kiti chake. Alimpa Kimya onyo la mdomo, kitufe chekundu si cha kuchezea, akamwambia aende akavae kofia. Kimya alishika pembe yake siku nzima bila kuamini kwamba yamekwisha. Alikuwa anangoja aitwe tena.

Jioni alipanda ngazi akinusa hewa kila ghorofa. Mafundi walikuwa wamebadilisha bomba, harufu imekwisha, lakini alinusa tu. Ghorofa ya tatu akasikia sauti nyuma ya mlango wa kijani, sauti nyingi, na kicheko cha mama chenye mwanya. Moyo ukampiga vilevile kama zamani. Akachuchumaa, akakwaruza karibu na bawaba, akakohoa.

Ndani kukatulia.

"Nani?" mama aliuliza.

"Mimi."

"Mimi nani? Siku hizi mnaokwaruza ni wengi."

Kimya alitazama korido, huku na huku. Hapakuwa na mtu, ila hilo halikumpa raha, kwa kuwa milango yote ina masikio. Akataja jina lake. Lilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, likashuka ngazi zote, na kutoka chini kabisa fundi viatu akaitikia, "Kumbe ndilo jina lako! Karibu nyumbani basi!"

Komeo likalia kla.